Balbu Haijaungua

Taa ya barabarani ikizimika Nachingwea, mpita njia wa kwanza atakuambia balbu imeungua. Nimelisikia hilo tangu naanza kazi ya umeme, enzi ambazo kweli balbu ndiyo iliyokuwa ikiungua. Siku hizi taa nyingi ninazoletewa kibandani kwangu, karibu na stendi, zina balbu nzima kabisa. Kilichokufa kimejificha nyuma, na wengi wanaozilipia taa hizo hawajawahi kukitia machoni.

Hii iliyo mezani sasa ni ya mfanyabiashara mmoja wa ufuta. Aliifunga kwenye nguzo mbele ya ghala lake, taa ileile wanayofunga barabarani: LED ya wati 60, bodi ya alumini, mgongoni ina mapezi ya kutolea joto. Mapezi yenyewe yamejaa vumbi jekundu la kwetu na udongo wa nyigu. Nafungua skrubu, mpira wa kuzuia maji unatoka vipande vipande. Ndani kuna vitu viwili. Upande wa chini kuna kibao cheupe chenye vidoto vya njano vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kadiri ya punje ya mtama. Hivyo ndivyo vinavyotoa mwanga. Nikivigusisha na umeme wa kupimia vinawaka vyote, hata kimoja hakijafa. Upande wa pili kuna kisanduku cha bati ambacho mafundi tunakiita draiva. Hicho nikikifungua, harufu ya kuungua inatangulia: kapasita moja imevimba kichwa, na chini yake bodi imepiga weusi.

Mwenye taa alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo fundi, balbu?"

"Balbu nzima, mzee. Draiva ndiyo imekwenda."

"Mimi nilinunua taa, sikununua draiva."

Alinunua vyote viwili, ila aliyemuuzia hakumwambia. Na hapo ndipo ulipo mkasa wa taa za LED katika miji yetu midogo. Tunaambiwa zinakula umeme kidogo, ni kweli. Tunaambiwa zinadumu miaka zaidi ya kumi, ni nusu ya kweli. Hiyo nusu nyingine iko ndani ya kisanduku, na kisanduku kina bei yake.

Kidoto kimoja cha LED hakitaki zaidi ya volti 3 hivi, tena umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Nguzoni kuna volti 230 za umeme unaogeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Ukivipa vidoto umeme huo moja kwa moja, utasikia mlio mmoja na kazi imekwisha. Draiva inaupokea, inaunyoosha, inaushusha, kisha inatoa mkondo usioyumba, taa inawaka bila kupepesa. Ndani ya draiva kuna kapasita zenye majimaji maalumu, na adui wa majimaji hayo ni joto. Kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Sasa fikiria bodi ya alumini iliyoanikwa kwenye jua la Oktoba mchana kutwa, halafu magharibi ikifika inawashwa na kuanza kuzalisha joto lake yenyewe, na yale mapezi ya kutolea joto yamezibwa na nyigu.

Maandishi ya boksi husema saa 50,000. Hesabu yetu ni rahisi, kwa sababu Nachingwea na Ruangwa ya jirani ziko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, na usiku wetu hauachani sana na saa 12 mwaka mzima. Taa inayowaka kuanzia magharibi hadi alfajiri hufanya kazi saa 4,380 kwa mwaka. Gawanya, unapata miaka 11 na kitu. Lakini zile saa 50,000 zinahesabiwa kwa vidoto, na maana yake si kwamba siku hiyo taa itazimika. Maana yake ni kwamba mwanga utakuwa umeshuka hadi asilimia 70 ya ulivyokuwa siku ya kwanza. Kuhusu draiva, boksi liko kimya. Nimeziona draiva za bei poa zikifa kabla hata rangi ya nguzo haijapauka.

Sipingi LED. Sisi watu wa kusini tunazihitaji kuliko wengine, na sababu yenyewe ni umeme wetu. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya Mtwara inayoendeshwa kwa gesi ya Mnazi Bay. Kutoka huko hadi huku ni safari ya waya mrefu unaopita juu ya mikorosho na mapori, na tawi likiangukia waya huko njiani, habari inatufikia papo hapo. Mtu wa mwisho wa laini hupata umeme uliochoka. Saa moja jioni, watu wanapopika, kunyoosha nguo na kuwasha televisheni, mita yangu ukutani husoma chini ya volti 200. Usiku wa manane, mji ukiwa umelala, inapanda kupita 240.

Taa za njano za zamani, zile za sodiamu, zilikuwa hazipatani na hali hiyo. Balbu ya taa hiyo ni bomba la gesi. Ili iwake, kiwashio lazima kipige volti elfu kadhaa, kisha choki ishike usukani na kuzuia mkondo usizidi. Umeme ukikonyeza hata kwa sekunde moja, taa inazimika, na haiwaki tena mpaka lile bomba lipoe. Dakika kadhaa za giza. Usiku ambao umeme unakonyeza mara kwa mara, barabara inaweza kukaa gizani muda mrefu hali umeme upo. LED ikikatika inarudi umeme unaporudi, hapohapo. Na draiva nzuri imetengenezwa ivumilie kuanzia volti 100 hadi 277, kwa hiyo umeme uliochoka hauisumbui.

Ila choki, kwa uzito wake wote wa shaba na chuma, ilikuwa na ngozi ngumu. Radi ikipiga mbali na kusukuma wimbi la umeme kwenye waya, choki ilikuwa ikiguna na kuendelea. Draiva ina vijidude vya elektroniki ambavyo wimbi hilo huviteketeza kabla hujahesabu moja. Kwetu mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na radi zake si za mchezo. Ndiyo maana taa ya barabarani yenye heshima huwekewa kinga ya mawimbi ya umeme inayostahimili kilovolti 10. Ni kijikopo kidogo chenye nyaya, bei yake haitishi. Kwenye taa za bei poa ndicho kitu cha kwanza kuondolewa, kwa kuwa mnunuzi hakijui na taa inawaka vizuri tu bila hicho. Inawaka mpaka radi ya kwanza.

Hebu tuje kwenye shilingi, maana huko ndiko viongozi wanakotazama.

Taa ya sodiamu ya wati 150 haili wati 150. Choki nayo inakula chake, jumla inafika kama wati 170. Ikiwaka saa 4,380 kwa mwaka, ni yuniti 744 na ushee. Taa za barabarani ziko kwenye kundi la tarifa la T1, ambalo bei yake kwa tarifa ya mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Taa moja, shilingi 217,000 na zaidi kwa mwaka. Weka badala yake LED ya wati 60 iliyotengenezwa vizuri: yuniti 263, shilingi kama 77,000. Tofauti ni shilingi 140,000 kwa nguzo moja. Mji mdogo wenye nguzo 100 unaokoa milioni 14 kila mwaka, bila kodi na tozo kuhesabiwa.

Unaweza kushangaa wati 60 zinawezaje kuchukua nafasi ya 150. Sababu ya kwanza ni kwamba balbu ya sodiamu hutupa mwanga pande zote, juu na nyuma pia, halafu kioo kinajitahidi kuurudisha chini na mwingine unapotelea humo humo. LED inatazama chini tangu mwanzo, na kila kidoto kina lenzi yake ya plastiki inayoupeleka mwanga kando ya barabara. Sababu ya pili ni ufanisi wenyewe. Balbu ya zamani ya waya ilitoa lumeni kama 12 hadi 15 kwa kila wati, na kilichobaki kiligeuka joto. Sodiamu ilifika kama 100. LED nzuri ya leo inatoa 130 na kuendelea. Lumeni ndicho kipimo cha mwanga. Wati ni kipimo cha kinacholiwa. Duka likikuuzia wati, uliza lumeni.

Milioni 14 zinakwenda wapi? Hapo ndipo nina neno langu. Kwenye miji ninayoifahamu, akiba hiyo inaonekana kwenye bili ya umeme, inashangiliwa, na inamezwa na matumizi mengine. Mwaka wa nne draiva zinaanza kufa moja moja, na hakuna kasma ya draiva. Bajeti ya zamani ilikuwa na balbu, kila mwaka balbu, kwa sababu kila mtu alijua balbu inaungua. Kwa LED kasma hiyo ilifutwa, kwa sababu boksi lilisema miaka 11. Bili ya umeme inaweza kulipwa na mfuko huu na ngazi ya kukwea nguzo ikatoka mfuko ule. Barabara kuu zina TANROADS, za mitaa na vijijini zina TARURA tangu mwaka 2017, na halmashauri nayo ina mkono wake. Anayeokoa siye anayetengeneza. Nimewahi kuitwa kwenye mtaa mmoja, siutaji, taa zote zimezimika, watu wana hakika zimeungua kwa pamoja. Nikapanda, nikapima, nikashuka. Luku ilikuwa imeisha.

Wengine wamelifunga jambo hili kwa kamba nzuri zaidi. Los Angeles, Marekani, ilianza kubadilisha taa zake mwaka 2009, na katika miaka minne ikafunga LED zaidi ya 140,000. Matumizi ya umeme wa taa hizo yakashuka kwa zaidi ya asilimia 60. Walikopa, na mkopo ukalipwa kwa akiba ileile ya umeme na matengenezo. India ilianza mpango wake Januari 2015 kupitia kampuni ya serikali iitwayo EESL. Kampuni inanunua taa, inazifunga na kuzitunza kwa miaka 7, manispaa inailipa kidogo kidogo kutokana na kinachookolewa. Taa zaidi ya milioni 10 zimefungwa kwa mtindo huo. Kinachonivutia India si wingi wa taa, ni ile miaka 7. Anayejua kwamba draiva ikifa mwaka wa tano ni mzigo wake mwenyewe, hanunui draiva ya bei poa.

Sisi wa Nachingwea tunapaswa kuwa wepesi kuyaelewa haya ya kuleta mitambo bila kupanga matengenezo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Mitambo ililetwa kwa haraka, mingine masalia ya vita, hata vifaru viligeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukawa kama saruji na kuyala majembe, vipuri havikutosha, na mafundi hawakutosha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa na hasara ya karibu pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kubeba karanga hizo kwenda pwani iling'olewa miaka ya 1960. Tuna kata inaitwa Stesheni, na mtoto akiuliza treni iko wapi, mzee anacheka.

Ruangwa nakwenda mara kwa mara, kwa bodaboda au gari linalopatikana. Mji umenyanyuka. Ulikuwa katika jimbo la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka 10 kuanzia 2015, na timu ya soka ya mji huo, Namungo, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 nchi nzima ikajifunza kulitamka jina la Ruangwa. Siku ya mechi kubwa uwanja wa Majaliwa ukitema watu jioni, barabara inajaa mpaka giza linaingia, na hapo ndipo utaona taa ina kazi gani. Kazi zangu huko mara nyingi ni za sola: gesti, msikiti, zahanati, ua wa mwenye maroli.

Taa ya sola ni mtoto wa LED. Zamani, ukitaka kuwasha sodiamu kwa jua, ungehitaji paneli kubwa na betri za kubebwa na watu wawili. LED iliposhusha ulaji, paneli ya kubebwa kwapani ikatosha. Kwa hiyo kijiji ambacho waya haujafika kinaweza kuwa na taa mbele ya zahanati, na mama mjamzito akiletwa saa nane usiku, muuguzi anaona ngazi. Hilo mimi nalipa uzito kuliko mapambo yote ya mjini.

Lakini sola ina ulaghai wake. Zile taa ambazo paneli, betri na LED vimo kwenye bodi moja zinauzwa kwa maandishi makubwa: wati 300, wati 500. Mteja mmoja wa Ruangwa alinipa moja ya "wati 300" niipime. Haikufika 20. Na haingeweza kufika, kwa sababu paneli iliyo juu yake hata ikipata jua kali kutwa nzima haikusanyi umeme wa kulisha wati 300 kwa saa moja. Halafu betri imekaa mgongoni mwa paneli, mahali penye joto kuliko pote, na betri haipendi joto kama kapasita isivyolipenda. Mwaka wa kwanza taa inakesha. Mwaka wa pili inazimika saa nane usiku. Februari na Machi, mawingu yakishika siku tatu mfululizo, ikifika saa tatu usiku inakuaga.

Nikiulizwa, nashauri paneli ikae peke yake juu, taa chini yake, na betri kwenye sanduku lake lenye kivuli na kufuli. Kufuli, kwa sababu betri ina miguu. Na iwe ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ambayo inastahimili joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko zile za maji. Humo ndani kuna jambo ambalo watu wa Ruangwa huwa nawaambia wakinikalisha kwenye kahawa. Upande hasi wa betri ya lithiamu umetengenezwa kwa kinywe, madini yaleyale meusi yanayochafua mikono ambayo wilaya yao imejaaliwa, na ambayo mgodi wa Lindi Jumbo ulijengwa kuyachimba huko Matambarale. Kinywe kinatoka Ruangwa kikiwa kwenye mifuko, kinazunguka dunia, na kipo uwezekano kikarudi Ruangwa kikiwa ndani ya taa, kwa bei ambayo sitaki kuikokotoa mbele ya wazee.

Kuna suala la rangi, nalo watu wanalichukulia kama urembo. Chini ya sodiamu kila kitu ni kahawia. Gari jekundu kahawia, kanga ya kijani kahawia. Mama mmoja anayekaanga samaki jioni aliniambia wateja wake walikuwa wakimulika samaki kwa simu kabla ya kununua, wakidhani wameungua. Taa nyeupe ilipowekwa karibu na meza yake, simu zikarudi mifukoni. Bodaboda nao wanasema wanaitambua sura ya abiria kabla hajapanda, na hiyo kwao ni usalama. Nairobi wanazo zile taa za nguzo ndefu kwenye mitaa yenye msongamano, wamezibatiza mulika mwizi, jina linalotosha.

Ila nyeupe haiko moja. Mwanga mweupe wa LED hutoka kwenye kidoto cha buluu kilichopakwa unga wa njano. Kidoto cha buluu kiliwasumbua wanasayansi miaka mingi. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, ndio walioufungua mlango huo, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Unga ukiwa mwembamba, mwanga unaelekea ubuluu, mkali, wa kuumiza macho. Unga ukiwa mzito, unaelekea umanjano, mtulivu. Kwenye boksi utaona namba: 6500K ni ule mkali, 3000K ni mtulivu. Mji wa Davis, California, ulifunga taa kali, wananchi wakalalamika, na mwaka 2014 mji ukazibadilisha kwa fedha zake. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kikashauri taa za barabarani zisizidi 3000K. Huku kwetu maduka yamejaa 6500K, kwa sababu mteja akiiwasha dukani mchana inaonekana ina nguvu. Usiku, dereva wa roli la korosho anayetoka gizani anaingia chini yake na kwa sekunde chache haoni aliye pembeni mwa barabara.

Watoto wana lalamiko lao. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi na kufuata taa, na chini ya kila nguzo utakuta mabeseni ya maji na kelele. Wanaanguka majini, wanakusanywa, wanakaangwa na chumvi. Taa za kizamani za zebaki zilikuwa zikiwaita kumbikumbi kutoka mbali, kwa kuwa zilitoa mionzi ambayo wadudu wanaiona kuliko sisi. LED haina mionzi hiyo, na ile ya 3000K inawavuta kidogo kuliko ya 6500K. Kijana mmoja aliniuliza nikiwa juu ya ngazi kama siwezi kuweka "ile taa ya zamani" kwa msimu tu, halafu nikaitoa. Nilimwambia apeleke maombi kwa mtendaji wa kata.

Kwa hiyo mradi ukitangazwa kwenye mkutano wa hadhara kwamba mtaa wenu unapata taa za LED, pigeni makofi, halafu mtu mmoja anyooshe mkono aulize. Draiva inatoka peke yake nguzoni, au ikifa inabidi taa nzima itupwe? Maana zipo taa zilizogandishwa gundi, fundi hawezi kuzifungua bila kuzivunja. Kinga ya radi imo? Draiva za akiba ngapi zinabaki stoo siku mkandarasi anaondoka? Nguzo zilipangwa kwa taa ipi, kwa sababu lenzi isiyolingana na umbali wa nguzo huacha kiza katikati, na huko ndiko mtu atakakosubiriwa. Na ile akiba ya umeme, kiasi gani kinawekwa kando kila mwaka kwa matengenezo? Mtaalamu aliyejiandaa atajibu yote kwa dakika tano. Asiyejiandaa atasema taa hizi hazihitaji matengenezo, na jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari.

Limebaki jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa. Taa za zamani zikishushwa, choki haimalizi siku mbili, watu wa chuma chakavu wanaijua thamani ya shaba iliyomo. Bodi ya alumini nayo inapata mnunuzi. Balbu ndiyo haina mwenyewe. Inatupwa nyuma ya stoo, watoto wanaipasua wasikie inavyolia. Ndani ya balbu za sodiamu mna kiasi kidogo cha zebaki, na zile za zebaki zenyewe mna zaidi. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata unaohusu sumu hiyo, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekuwa wakihubiriwa juu yake kila mara. Balbu za barabarani hazijapata mhubiri. Ukibadilisha taa 100, andika kwenye mkataba nani anaondoka na balbu 100 za zamani, zikiwa kwenye boksi, hazijapasuka, na anazipeleka wapi.